Nani Atakaa na Mtoto Mkubwa?

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Uganda



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Siku ya tarehe 16 Juni iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991, ili tuwakumbuke wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Wale hawakuwa watoto wa kubebwa mgongoni. Walikuwa wanafunzi wakubwa, wenye akili zao na maneno yao. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa leo niseme juu ya mtoto ambaye hata katika sherehe kama hii husahaulika. Ni mtoto wa miaka 10 na zaidi, aliyepotezana na wazazi wake, anayelelewa na mtu asiye wa damu yake, na ambaye vita vimemwachia jeraha ndani ya moyo.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Albert mwanzoni mwa mwaka 2018. Tunakumbuka mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, tunakumbuka Sebagoro, na tunakumbuka kipindupindu kilichotupokea mwezi wa pili mwaka ule. Walikuwepo watoto walioshuka kwenye mitumbwi wakiwa peke yao. Wamama wa kwetu hawakungoja fomu. Waliwashika mikono, wakawaweka kwenye maturubai yao, wakagawana nao uji. Jambo hilo ni la heshima na lazima liandikwe katika jarida letu. Lakini miaka imepita. Watoto wale sasa ni wakubwa, na walezi wengine wamezeeka, wengine wamekufa, wengine wamepelekwa nchi za mbali au wamerudi Congo. Hapo ndipo swali linapoanza upya: mtoto huyu wa miaka 12 au 13 sasa atakaa na nani?

WATU WANAMKATAA KWA SABABU GANI

Mimi ni mwalimu, napita nyumba nyingi, na nimesikia majibu. Wengine hutumia methali: samaki mkunje angali mbichi. Wanasema mtoto mdogo unaweza kumfundisha adabu ya nyumba yako, lakini huyu amekwisha kukauka. Wengine wanaogopa yale aliyoyaona. Wanasema aliyeona damu ataleta damu. Wengine wanataja chakula, nami siwacheki. Tangu mwaka 2023 mgao umegawanywa kwa makundi, na zipo familia zilizoondolewa kabisa. Kijana wa miaka 13 anakula kama mtu mzima. Mama mwenye watoto watano akihesabu vikombe vya unga, hesabu yake ni ya kweli.

Yapo pia majibu yasiyosemwa. Msichana mkubwa hapati shida sana ya kuchukuliwa, kwa kuwa atachota maji, atapika na kubeba mtoto mgongoni. Mvulana huchukuliwa wakati wa kulima. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako watoto hapa ambao jembe walipewa siku ile ile ya kwanza, na daftari hawakupewa hata siku ya mia. Kila mtoto wa nyumba hufanya kazi, hilo halina ubaya. Ubaya ni pale watoto wa mwenye nyumba wanapoondoka kwenda shule na yeye anabaki.

JERAHA LA MOYONI NI KITU GANI

Ndugu wazazi, kiwewe si wazimu, wala si laana, wala si tabia mbaya ya ukoo. Mwili wa mtoto uliokimbia risasi ulijifunza kukaa macho. Ulijifunza kwamba usingizi ni hatari, kwamba chakula huisha, na kwamba mtu mzima anaweza kuondoka asirudi. Masomo hayo yalimwokoa wakati ule. Shida ni kwamba mwili haujui kwamba vita vimebaki ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo utamwona analala na viatu. Utamkuta ameficha mkate wa posho chini ya mkeka mpaka umeota ukungu. Anakojoa kitandani akiwa na miaka 12. Mvua ya mawe ikipiga bati, anakimbilia chini ya meza, au anampiga aliye karibu. Darasani anatazama mlango kuliko ubao. Mwingine halii kabisa, hata akianguka, nanyi mnamsifu kwamba ni mvumilivu. Huyo ndiye wa kuangaliwa kwa makini.

Chuoni tulisoma habari za watoto wa London wakati wa Vita Kuu ya Pili. Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham walikuwa na nyumba za kulelea watoto wakati mji unapigwa mabomu. Waliandika katika miaka ile kwamba kutengwa na mama kuliwaumiza watoto wengi kuliko mabomu yenyewe. Nalitaja jambo hili kwa sababu linatuhusu. Kila mara tunapomhamisha mtoto kutoka nyumba moja hadi nyingine, tunamtenga tena. Mtoto aliyerudishwa mara tatu anajifunza kwamba nyumba ni mahali pa kupita. Basi akiingia nyumba ya nne anaanza yeye mwenyewe kuivunja, ili ajue mapema ni siku gani watamfukuza.

Wiki za kwanza mara nyingi huwa nzuri. Anafagia, anasalimia, anaitika. Familia inafurahi. Baada ya mwezi au miwili, anapoanza kuona kwamba huenda akabaki, ndipo dhoruba inakuja: matusi, uongo, kuiba sukari, kutoroka usiku. Walezi wengi humrudisha hapo hapo. Wanadhani tabia yake halisi imefichuka. Kwa kweli anawauliza swali, na hana maneno ya kuliuliza.

KULEA NA KUASILI

Sasa niseme juu ya sheria, maana hapa maneno yanachanganywa. Kulea ni kukaa na mtoto wa watu na kumtunza, huku uhusiano wake na wazazi wake ukibaki ulivyo. Kuasili ni kumfanya wako mbele ya sheria, siku zote, hata urithi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unamtaja mtoto aliyekosa familia, na yote miwili inamtaja pia mtoto mkimbizi. Mkataba wa 1989 unasema kwamba katika kumtafutia malezi tuangalie mtoto asikatwe na malezi aliyoyazoea, kabila lake, dini yake, mila na lugha yake.

Katika Uganda, sheria ya watoto inataka anayeasili awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwanza anamlea kwa muda chini ya macho ya afisa wa ustawi wa jamii. Kesi yetu sisi wageni husikilizwa na Mahakama Kuu. Na mtoto akifikia miaka 14, lazima yeye mwenyewe akubali. Mwenyekiti hawezi kumtoa kwa kugonga muhuri, mchungaji hawezi kumtoa madhabahuni, wala mtu hawezi kumtoa kwa kuandikiana karatasi sokoni.

Kabla ya hayo yote liko jambo kubwa zaidi: kutafuta wa kwao. Mwongozo wa UNHCR kuhusu watoto wakimbizi wa mwaka 1994 ulisema kwamba asiasiliwe mtoto wakati bado kuna tumaini la kuwapata wazazi, na kwamba kwa kawaida ipite angalau miaka 2 ya kuwatafuta. Sababu inajulikana. Baada ya mwaka 1994 katika Rwanda na katika kambi za upande wa Goma, watoto wengi walioitwa yatima walikuwa na mzazi, au shangazi, au kaka aliye hai. Walionekana kwa sababu Msalaba Mwekundu na wenzao waliandika majina, wakapiga picha, wakazibandika watu wazione. Angekuwa ameshapewa mtu mwingine daima, mama yake angefika na kuambiwa nini?

KIJANA MMOJA

Nitasimulia habari za kijana mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, na yeye mwenyewe ameniruhusu. Aliingia hapa akiwa na miaka sita hivi. Mama mzee mmoja, mjane, alimpokea akamlea vizuri. Mwaka juzi mama mzee alishikwa na ugonjwa wa miguu, na watoto wake walio katika makazi mengine wakaja kumchukua. Mama mzee wakamtaka. Kijana hawakumtaka.

Akapelekwa nyumba ya kwanza. Wiki ya tatu walimrudisha na mkeka wake, kwa sababu ya mkojo na posho iliyofichwa. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari hizo mapema. Walidhani ni dharau. Nyumba ya pili walimtuma mbuzi, akaacha shule muhula mzima. Mfanyakazi aliyekuwa akimfuatilia aliondoka mkataba wake ulipokwisha, na aliyefuata alianza faili upya kwa kumuuliza: wazazi wako walikufaje? Lilikuwa swali lile lile kwa mara ya nne au ya tano. Kijana akanyamaza, wakaandika kwamba ni mkaidi.

Ndipo Kamati ikakaa, pamoja na afisa wa watoto, wakaacha kuuliza nani ana nafasi nyumbani. Waliuliza kijana huyu akitoka shule huwa anakwenda wapi. Jibu lilijulikana na kila mtoto wa darasa langu: huwa anakwenda kwa seremala wa karibu na soko, anashika mbao wakati fundi anakata. Hakuwa analipwa. Fundi alikuwa anampa chai, wala hakuwa anamuuliza mambo ya Congo.

Fundi na mkewe hawakuwa wameomba mtoto. Waliitwa kando, wakaelezwa yote: mkojo, ndoto, kuiba, mara alizorudishwa, na kwamba bado haijulikani kama ana ndugu. Walipewa siku za kufikiri. Mke wa fundi aliuliza swali moja tu, kwamba usiku akipiga kelele wafanye nini. Wakaelezwa: usimtikise, usimmwagie maji, washa taa, taja jina lako, mwambie uko Kyangwali, uko nyumbani, mlango umefungwa. Baadaye kijana alikwenda kula kwao Jumapili, halafu kulala siku mbili, halafu akahamia. Mama mzee mwenyewe alipigiwa simu, akamwambia kijana kwamba ameruhusu. Neno hilo lilikuwa na uzito kuliko fomu zote, maana mtoto huona kwamba akimpenda mlezi mpya anamsaliti yule wa zamani.

Mwezi wa tatu dhoruba ilikuja. Alivunja msumeno wa fundi kwa makusudi, na mnajua msumeno ni unga wa watoto. Fundi alikuja kwangu jioni, amekasirika sana. Lakini hakusema mchukueni. Alisema: mwalimu, nisaidie, nimefika mwisho wa akili yangu. Tulikaa na jirani wawili na afisa wa watoto. Kijana alipangiwa kulipa msumeno kwa kazi za Jumamosi, kidogo kidogo, na usiku ule alilala kitandani kwake kama kawaida. Nadhani usiku huo ulimfundisha jambo ambalo mimi darasani nisingeweza kumfundisha.

Wakati huohuo ujumbe wa Msalaba Mwekundu ulileta jibu. Mjomba wake yuko hai upande wa Bunia. Walizungumza kwa simu. Mjomba hana mahali pa kumweka, yeye mwenyewe ni mhamishwa, na kijana hataki kurudi kwenye milio ya bunduki. Lakini mjomba alimpa kitu kimoja: jina ambalo mama yake alikuwa akimwita. Kijana alikuwa amelisahau. Sasa ameliandika kwenye majalada ya madaftari yake yote.

Hajaasiliwa. Huenda ataasiliwa, huenda atabaki kulelewa mpaka awe mtu mzima. Akifikia miaka 14 neno lake litahitajika kortini, na mjomba naye anajua. Hadi leo anamwita yule baba Fundi, na hakuna anayemlazimisha kumwita vingine. Bado kuna usiku mbaya. Ila posho chini ya mkeka imekwisha, kwa sababu mke wa fundi alimpa kopo lenye kifuniko, akamwambia hiki ni chako, weka chakula humo, hakuna atakayekigusa.

MAMBO YATUPASAYO KUFANYA

Ndugu Mwenyekiti, kutokana na hayo naomba mambo matano yaingie katika kumbukumbu za siku ya leo.

Kwanza, mtoto asitangazwe mkutanoni. Kumsimamisha mbele ya watu na kuuliza nani atamchukua ni mambo ya mnada wa mbuzi. Wale wasioitikia, yeye anawaona wote, na kesho anakutana nao kisimani.

Pili, tuanze na watu anaowafahamu: mwalimu, jirani, mama wa kwaya, kocha wa mpira, mzazi wa rafiki yake. Wageni wenye moyo mzuri watafuata. Kuhusu kabila, naomba tuseme kwa uwazi kwa sababu sote tunatoka Ituri na Kivu. Nyumba ya lugha yake ni bora, ikiwa ni nyumba njema. Lakini ikiwa aliyempenda ni wa kabila jingine, na mtoto mwenyewe anamtaka, tusimkatalie kwa ugomvi wa watu wazima. Tuhakikishe tu kwamba lugha yake na wazee wa kwao hapotezani nao.

Tatu, familia iambiwe ukweli kabla, na mtoto aulizwe kabla. Siri zake za ndani zibaki zake. Lakini mambo ya usiku, ya chakula na ya afya, anayelala naye nyumba moja lazima ayajue. Na haraka haraka haina baraka: kula kwanza, kulala baadaye, kuhamia mwisho.

Nne, anayempokea asiachwe peke yake. Mkono mmoja haulei mwana. Kila nyumba inayompokea mtoto kama huyu ipewe jirani wawili wa kuitwa usiku. Sisi walimu tuwe wa kwanza kujua, ili asipigwe fimbo kwa kutazama mlango. Na jina lake lihamishwe upesi kwenye hati ya familia mpya, maana kikombe cha unga kinachochelewa miezi miwili kimeshavunja nyumba nyingi zenye nia njema.

Tano, ndugu zetu wa mashirika, hili ni lenu. Tunajua fedha zimepungua na mikataba ni mifupi. Lakini faili la mtoto liandikwe vizuri, ili anayekuja asome badala ya kumfumua kidonda upya. Anayeondoka aje na anayeingia, wamwage mtoto pamoja. Kuaga ni dakika 10. Kwa mtoto aliyeachwa bila kuagwa, dakika hizo ni kubwa.

Wako wengine leo, katika vijiji vyetu, ambao walezi wao wamechoka au wanakaribia kuondoka. Sitawataja. Nawaomba wale waliofika miaka 25 na zaidi, wenye ndoa au wajane, wenye nyumba kubwa au ya chumba kimoja, mlioguswa: msinyoshe mkono hapa. Nendeni kesho au wiki ijayo kwa afisa wa watoto, au kwa mama anayeshughulikia ustawi katika Kamati, mkasema mko tayari kuzungumza. Mkionana nao, msiulize kwanza mtoto ana adabu gani. Jiulizeni ninyi kama mtaweza kuwa bado hapo mwezi wa tatu, msumeno ukivunjika.

Na ninyi watoto wakubwa mlioketi nyuma kule chini ya mwembe, mkijifanya hamsikilizi: mkitaka kusema ni nani mngependa kukaa naye, milango ya walimu iko wazi baada ya masomo. Mna haki ya kuulizwa.